Nionyeshe Mama Yake

Iwe uko Migori mjini unafunga duka, Awendo unatoka kwenye miwa, au Mbita ukingoni mwa ziwa unashona nyavu, karibu tuketi pamoja kwa dakika hizi chache. Leo ninazungumzia mtoto wa mbwa. Shuleni tulifundishwa kumwita kilebu, ingawa nyumbani wengi wetu tunasema tu mtoto wa mbwa, na Wajaluo wenzangu wanasema nyathi guok. Ninataka tuulizane anatoka wapi kabla hajafika kwenye lango lako, na ni nani aliyemlea mpaka siku hiyo.

Najua yuko anayejiuliza kama jambo la mbwa linastahili kuzungumzwa redioni. Naomba unisikilize kwanza.

Miaka michache iliyopita wezi waliingia kwangu usiku wakachukua mbuzi wawili. Asubuhi yake niliamua kutafuta mbwa. Siku hiyo hiyo nilikuwa na safari ya Migori, na pale kwenye steji ya magari nikamkuta kijana ameweka katoni ya mafuta ya kupikia chini ya kivuli cha kibanda. Katoni ilikuwa imetobolewa matundu kwa kisu. Ndani yake mlikuwa na vilebu wanne, weusi wenye madoa ya kahawia juu ya macho. "Hawa ni German Shepherd, baba," akaniambia. "Wana miezi miwili, na wote wamechanjwa." Akataka shilingi elfu nane, tukaelewana kwa elfu tano. Nilimuuliza mama yao yuko wapi. Akasema yuko Kisii. Basi. Sikuuliza la pili. Nilimtia mmoja ndani ya koti nikapanda gari la Rongo, naye akalala kifuani mwangu njia nzima.

Binti yangu akampa jina Simba. Siku ya kwanza alikula vizuri na tumbo lake lilikuwa limejaa kama kibuyu, nami nikafurahi, nikidhani hiyo ndiyo afya. Siku ya tatu alikataa maziwa. Akaanza kutapika povu, halafu akaharisha damu, na harufu ya ule uharo sijaisahau mpaka leo. Nilimwita daktari wa mifugo. Alipiga magoti kwenye nyasi, akamfungua mdomo, akabonyeza ufizi kwa kidole gumba, akatazama meno. "Mwalimu, huyu hana miezi miwili," akasema. "Tazama, meno ya mbele ndiyo kwanza yanatoka. Huyu ana wiki nne, zikizidi sana tano." Akamwekea dripu mguuni na kuning'iniza chupa kwenye tawi la mpera. Binti yangu alishika mguu ule usiku kucha ili sindano isichomoke. Siku ya tano, kabla hapajakucha, Simba akafa. Tulimzika nyuma ya migomba.

Daktari hakunilaumu. Alipokuwa ananawa mikono aliniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, mama yake ulimwona?"

Swali hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti jioni ya leo.

Ugonjwa uliomuua Simba unaitwa parvo. Ni virusi vilivyojitokeza kwa mbwa mnamo 1978, na kwa muda mfupi sana vikawa vimeenea duniani kote. Hushambulia utumbo wa mbwa mchanga, ngozi laini ya ndani ya utumbo ikachubuka, na hapo ndipo maji na damu humtoka mpaka anakauka. Virusi hivyo ni vigumu kufa. Sabuni ya kawaida haiviui. Vinaweza kukaa kwenye udongo wa uani kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, vikimsubiri kilebu mwingine. Kwa hiyo yule kijana wa steji hakuniuzia mbwa mgonjwa tu, aliniuzia na uchafu uliobaki ardhini mwangu baada ya mbwa mwenyewe kufa.

Chanjo ya parvo ipo. Huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, mpaka atimize wiki 16. Watu wengi huniuliza kwa nini sindano moja haitoshi. Jibu liko kwa mama yake. Maziwa ya kwanza ya mama humpa mtoto kinga, na kinga hiyo ikiwa bado ina nguvu mwilini huizuia chanjo isishike. Baadaye kinga ya mama hupungua, lakini hakuna ajuaye siku yenyewe, kwa kuwa kila mtoto ana siku yake. Ndiyo maana chanjo hurudiwa, ili mojawapo ikute mlango uko wazi. Sasa mtu akikuambia kwamba kilebu cha wiki tano "kimechanjwa, kimemaliza", tayari umejua kwamba ama hajui anachosema au anakudanganya.

Chanjo pia ina karatasi yake. Daktari akimchoma mbwa hubandika kwenye kadi kile kijikaratasi kinachotoka kwenye kichupa cha dawa, akaandika tarehe, akatia sahihi. Hapa Kenya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo chini ya sheria ya mwaka 2011, na kila mmoja ana nambari yake ya usajili. Muuzaji akisema amechanja, mwambie akuonyeshe kadi. Akisema kadi imepotea, mpigie simu daktari aliyechoma sindano. Akisema alichoma mwenyewe kwa dawa aliyonunua dukani, muulize dawa hiyo ilihifadhiwa wapi, kwa sababu chanjo hutakiwa kukaa kwenye baridi, na kichupa kilichosafiri juu ya boda boda kwenye jua letu hili la saa saba hakina tena nguvu ya kumkinga mbwa.

Lakini turudi kwa mama.

Ukimwona mama wa mbwa umesoma nusu ya kitabu cha mtoto. Unaona kama amekonda mpaka mbavu zinahesabika, ishara kwamba anazalishwa mfululizo bila kupumzishwa. Unaona kama ana upele, viroboto, kupe masikioni. Unaona akifikiwa na mgeni anafanya nini. Mbwa jike anayejificha chini ya ghala akitetemeka, au anayerukia kila mtu bila kusikia sauti ya mwenye nyumba, watoto wake wengi watafuata mkondo huo, kwa kuzaliwa nao na kwa kumtazama. Kati ya wiki ya tatu na karibu wiki ya 14 ndipo mtoto wa mbwa anapojifunza dunia: mkono wa binadamu, kilio cha mtoto mchanga, mlio wa pikipiki, kuku asiyetakiwa kukimbizwa. Na kwa ndugu zake, wakiumana kwa mchezo, ndipo anapojifunza kwamba kung'ata kwa nguvu kunaumiza. Aliyetengwa na mama kabla ya wiki nane, akafungiwa kwenye katoni, amenyimwa shule hiyo. Sisi husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa naye ana malezi yake, tena muda wake ni mfupi.

Na minyoo je? Lile tumbo la Simba nililolisifia lilikuwa limejaa minyoo. Minyoo mviringo humpata mtoto angali tumboni mwa mama, na mingine humfikia kwa maziwa. Mfugaji mwangalifu huanza kuwapa dawa watoto wakiwa na wiki mbili na kurudia kila wiki mbili, mama naye pamoja nao. Usiishie kutazama tumbo. Mfungue mdomo taratibu utazame ufizi. Ukiwa na rangi ya waridi, vyema. Ukiwa mweupe kama karatasi, damu yake inanyonywa, na minyoo au viroboto ndio wanaoinyonya. Halafu hesabu meno: mtoto wa wiki nane huwa karibu amemaliza kuota meno yake ya utoto, ambayo jumla yake ni 28. Hayo yote unaweza kuyafanya papo hapo steji, kwa dakika mbili. Nami sikuyafanya.

Kuna msemo tunaoutumia sana: mchagua jembe si mkulima. Jirani yangu aliniambia hivyo niliposema safari ya pili nitatafuta kwa makini. Kwenye jembe nakubali, maana jembe halina mama, wala halihari damu mikononi mwa mtoto. Lakini kiumbe utakayeishi naye miaka kumi, kumi na miwili, lazima umchague.

Siku hizi biashara imehama kutoka kwenye katoni kwenda kwenye simu. Unaona picha ya kilebu mzuri, manyoya yanang'aa, na picha ya mama aliyesimama kifua mbele. Muuzaji yuko Nairobi au Nakuru. Anakuambia tuma nusu ya pesa kwa simu, mbwa atapakiwa kwenye basi la usiku, utampokea Migori alfajiri. Ile picha ya mama inaweza kuwa ya mbwa wa nchi nyingine kabisa. Na hata mbwa akifika kweli, atakuwa amesafiri saa saba au nane ndani ya buti, gizani, bila maji. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inahesabu kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu kuwa kosa. Tunaijua sheria hiyo kwa ng'ombe waliobanana kwenye lori. Mbwa kwenye buti analindwa na sheria hiyo hiyo.

Wanaouza hivyo hupenda kutaja majina makubwa: German Shepherd, Rottweiler, Boerboel. Sasa, German Shepherd anapozaliwa masikio yake hulala. Husimama akiwa na miezi mitatu, minne, wengine hata mitano. Katika wiki ya tano, mtoto wa chotara na mtoto wa uzao halisi wanaweza kukuchanganya kabisa, na muuzaji analijua hilo. Ukitaka uzao halisi kweli, East Africa Kennel Club iliyoko Nairobi ndiyo hutunza daftari la nasaba, na mfugaji aliyesajiliwa atakupa karatasi za baba na mama. Ila tuelewane: karatasi hiyo inathibitisha ukoo, haithibitishi afya. German Shepherd anajulikana kwa ugonjwa wa nyonga unaorithiwa. Mfupa wa paja haukai sawasawa kwenye kikombe chake, na mbwa akifika umri wa makamo hawezi tena kuinuka vizuri. Mfugaji anayejali huwapiga wazazi picha ya eksirei kabla ya kuwapandisha, na hawapandishi kaka na dada ili kulinda rangi. Uzao huu wenyewe uliandikishwa mwaka 1899 na Kapteni Max von Stephanitz wa Ujerumani, ambaye kwake mbwa wa kazi ndiye aliyekuwa mbwa, na uzuri ulifuata nyuma. Ingekuwa heri wanaomuuza leo wangeanzia hapo alipoanzia yeye.

Na sisi wa huku kusini mwa Nyanza tuna swali letu la ziada. Mbwa huyu ataiweza nchi yetu?

Nenda Bonde la Lambwe, kando ya Mbuga ya Ruma, uwaulize wafugaji. Pale kuna mbung'o. Kwa miaka mingi bonde lile lilijulikana kwa malale ya binadamu, na watu wa rika langu wanakumbuka mitego ya kitambaa cha buluu iliyotundikwa vichakani. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliitambua Kenya kuwa imeushinda ugonjwa huo kama tishio kwa afya ya watu, na ni jambo la kushukuru. Hata hivyo mbung'o akiwa na vimelea bado humuua mnyama, na mbwa ni miongoni mwa wanaoumia sana. Anapata homa, anakonda, anavimba uso, na macho yake yanageuka mawingu, kama mtu aliyemwagiwa maziwa ndani ya mboni. Ukichelewa kumtibu anakufa. Ongeza homa ya kupe, ambayo iko kila mahali kuanzia Isebania mpaka Kendu Bay. Mbwa mwenye manyoya mazito aliyezalishwa kwenye ua wenye sakafu ya saruji jijini, ambaye hajawahi kuumwa na kupe hata mmoja, ukimleta Lambwe mwezi wa mvua unamtia vitani mikono mitupu.

Mbwa wetu wa kienyeji, yule wa kahawia mwenye mkia uliopinda, amekaa hapa vizazi na vizazi. Wasiostahimili walikufa zamani bila kuacha watoto. Simaanishi kwamba haugui, wala kwamba hahitaji chanjo. Parvo na kichaa cha mbwa havimwogopi. Ninachosema ni kwamba tumezoea kumwita mbwa koko, tukatoa elfu ishirini kununua jina la kigeni, wakati mlinzi tunayemtafuta amezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mama yake tunamjua kwa jina.

Hivyo ndivyo nilivyompata mbwa wa pili. Mwenzangu mmoja wa shuleni aliniambia kuna mama karibu na Rangwe ambaye mbwa wake amezaa. Nikapanda matatu mpaka Rangwe, nikatembea kwa miguu kipande kilichobaki. Nilimkuta mama mwenyewe anaanika mtama. Akanipa kiti chini ya mti, akanipa uji, na wala hakunionyesha watoto wa mbwa. Kwanza alinihoji.

"Mwalimu, kwako mchana anabaki nani?"

"Mama, anabaki shemeji yangu, na watoto wakitoka shuleni."

"Mtamfunga?"

"Mpaka azoee, mama."

"Kwa kamba au kwa mnyororo? Na kwa muda gani?" Nikamweleza. "Umewahi kufuga mbwa?"

Nikamsimulia habari za Simba, toka mwanzo mpaka kwenye migomba. Alisikiliza hadi mwisho, akaacha kugeuza mtama. "Alikufa lini?" akauliza. Nikamtajia mwezi. Akahesabu kwa vidole. "Bado udongo wako haujapoa, nyathina," akasema, yaani mwanangu. "Daktari wetu alitueleza ugonjwa huo, ulituulia watoto sita wa mbwa siku za nyuma. Huyu nikikupa leo utamzika. Atabaki hapa mpaka amalize sindano zake. Wewe lipia sindano, chakula nitampa mimi."

Ndipo akaita: "Pendo!" Mbwa jike wa kahawia, miguu ya mbele myeupe, akatoka kwenye kivuli cha dero, ghala la nafaka. Akaja taratibu, akanusa viatu vyangu, kimoja halafu kingine, akanusa mkono. Kisha akarudi akaketi katikati, mimi upande huu na watoto wake upande ule. Hakuunguruma. Hakukimbia. Aliketi tu akinitazama, na mkia wake ukagusa vumbi mara mbili. Watoto walikuwa watano, matumbo bapa, wakikimbizana kuzunguka vifaranga bila kuvigusa. Mama yule alinionyesha ni yupi mkorofi, ni yupi mwoga, ni yupi anayeamka kwanza usiku mlango ukilia. "Wewe unataka mlinzi," akasema. "Chukua huyu, ndiye anayeamka."

Nilipotaka kujua bei alitikisa kichwa. Kwake mtoto wa mbwa hauzwi, huachiwa kitu kidogo. Niliacha kuku, nikamlipa daktari wa Rangwe kwa kila sindano. Siku niliyokwenda kumchukua, mama aliniambia neno ambalo sijawahi kulisikia kwa muuzaji yeyote: "Akikushinda, usimtupe barabarani. Mrudishe hapa."

Msikilizaji, mwanamke yule hana kibao getini wala daftari la nasaba, na sidhani amewahi kujiita mzalishaji wa mbwa. Lakini yote ninayotaka uyatafute kwa mfugaji, wa mbwa wa kienyeji au wa German Shepherd mwenye karatasi, niliyaona kwake asubuhi moja. Alinionyesha mama. Alijua tabia ya kila mtoto. Alinihoji kuliko nilivyomhoji. Alikataa kunipa kabla ya wakati ingawa nilikuwa na pesa mfukoni. Na alikuwa tayari kumpokea tena. Anayeuza mbuzi kwenye gunia hawezi kufanya hata moja katika hayo.

Tulimpa mbwa jina la Rangwe. Alipofikisha miezi mitatu alichanjwa kichaa cha mbwa, na kila mwaka tunarudia.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo jambo hili linapotoka kwenye ua wangu na kuingia kwenye wako. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi. Zaidi ya karne imepita na bado kinaua watu wetu, wengi wao watoto. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kukimaliza kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo 2030, na hesabu ya mpango huo iko wazi: mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupitia. Kinachoharibu hesabu ni vilebu. Leo wanachanja kijijini, mmefika saba kwa kumi. Miezi sita baadaye mbwa jike watatu wamezaa bila mpango wowote, watoto 15 wako njiani na hakuna hata mmoja aliyechanjwa, na wakubwa kadhaa wamekufa. Mmerudi chini. Kila uzao ambao mwenyewe hakuutaka na hakuuandalia chanjo ni tundu kwenye uzio wa kijiji kizima. Na kwa kuwa mdogo ni mzuri kushika, watoto wetu huchezea meno yake, na mkwaruzo wake hatuuhesabu. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na mbwa asiyejulikana chanjo yake, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa mwenyewe ni mdogo kama panya.

Magonjwa ya mbwa wetu hayaishii kwa binadamu. Vuka Isebania, pita Sirari, endelea Tarime, na huko Serengeti haiko mbali. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka wakitetemeka, wakipata kifafa. Karibu thuluthi moja ya simba wote wa mbuga ile walikufa, yapata 1,000, na ugonjwa ukavuka mpaka ukawafikia simba wa Maasai Mara huku kwetu. Ulikuwa distempa, ugonjwa wa mbwa. Watafiti walifuata nyayo zake na zikawarudisha kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka mbuga, mbwa kama wangu na wako. Tangu hapo kumekuwa na kazi ya kuwachanja mbwa wa vijiji vile dhidi ya distempa, parvo na kichaa. Chanjo ya distempa huja pamoja na ya parvo katika sindano moja. Ni ile ile ambayo Simba, kilebu wa steji, hakuipata.

Tangu 2013 huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa wakubwa wetu wa Migori na Homa Bay: siku za soko, pale wanapokaguliwa ng'ombe na mbuzi, wakaguliwe na mbwa wanaouzwa. Anayeuza mtoto wa mbwa asiye na kadi aulizwe ametoka wapi. Na kampeni za chanjo zisisubiri tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, zikapita siku moja na kunyamaza mwaka mzima.

Ombi la pili ni kwako kijana unayewauza. Najua maisha ni magumu na katoni ile inakupa chakula. Waache kwa mama wiki nne zaidi, wape dawa ya minyoo, wapeleke wachomwe sindano ya kwanza, na uongeze gharama hiyo kwenye bei. Mimi ningeilipa. Baba yeyote aliyewahi kumwona mtoto wake akishika mguu wenye dripu usiku kucha angeilipa.

Na wewe mwenye mbwa jike nyumbani: kama hutaki azae, zungumza na daktari wa mifugo wa wadi yako kuhusu kumfunga uzazi. Kama amezaa tayari, usimtoe mtoto hata mmoja kabla ya wiki nane. Na mgeni akifika akakuambia, "Naomba kwanza nimwone mama yake," usione kama amekutilia shaka. Mfungulie lango, mpe kiti, umwite mbwa wako kwa jina.